Dhima Huanza Kikaoni: Waraka kwa Wanabodi Wenzangu wa Shule

KWA: Wenyeviti na wajumbe wote wa bodi za usimamizi wa shule, za kutwa na za bweni
KUTOKA: Mjumbe mwenzenu, kwa niaba ya kamati ya usalama
YAHUSU: Usalama wa wanafunzi na dhima yetu mbele ya sheria

Ndugu wanabodi,

Nawaomba muusome waraka huu wote kabla ya kikao cha kwanza cha muhula, kisha usomwe tena kwa sauti ndani ya kikao chenyewe, mwalimu mkuu akiwapo.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri. Watoto 21 walipoteza maisha. Bweni lilijengwa kwa mbao, na zaidi ya wavulana 150 walikuwa wakilala humo. Taifa liliomboleza kwa siku tatu. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo, Wizara ya Elimu ilifunga sehemu za bweni katika shule 348 za msingi baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba hazikufaa kulaza watoto. Shule hizo zote zilikuwa na wasimamizi. Walipita mbele ya mabweni hayo mwaka baada ya mwaka, wakapitisha bajeti, wakapanga sherehe za kutoa zawadi, na kasoro zikabaki mahali pake mpaka mkaguzi alipofika. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nawaandikia ili maji tuyatie sasa.

Mtoto anapofia shuleni, mazishini tunasikia maneno yale yale: ajali haina kinga, kazi ya Mungu haina makosa. Yana nafasi yake pale tunapomshika mkono mama aliyefiwa. Lakini tukiyaingiza katika kikao cha bodi yanageuka kisingizio, na mbele ya hakimu hayatatufaa kitu. Nyingi ya ajali tunazozililia nchini Kenya zilikuwa na kinga iliyojulikana, iliyoandikwa, na mara nyingi isiyokuwa ghali.

Tuliyoyajua tangu zamani

Mwezi Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Bombolulu, Kwale. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Bweni lile lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha nayo yalikuwa na vyuma. Yaani katika muda wa miaka mitatu, sababu zile zile za kuwazuia watoto wasitoke zilirudiwa katika kaunti nyingine, na idadi ya vifo ikazidi mara mbili.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Nawasihi kila bodi iwe na nakala yake, kwa sababu umeandikwa kwa lugha ambayo fundi na mzazi wanaweza kuielewa. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Njia ya kupita kati ya safu za vitanda isipungue mita 2. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 au zaidi, na ufunguke kwa kusukumwa nje. Kila bweni liwe na mlango kila upande, na mlango mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Wanafunzi wahesabiwe kila usiku kabla ya kulala.

Mwongozo huo ulikuwa na umri wa miaka 9 wakati wasichana 10 walipokufa katika bweni la Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017. Ulikuwa na miaka 16 wakati wa Endarasha. Hatuwezi kusema hatukuambiwa.

Na moto sio hatari pekee. Tarehe 23 Septemba 2019 madarasa ya Precious Talent, eneo la Dagoretti, yaliporomoka asubuhi watoto wakiwa wameanza masomo, na 8 wakafa. Lilikuwa jengo la ghorofa lililounganishwa kwa mbao na mabati. Tarehe 3 Februari 2020 wanafunzi wa shule ya msingi ya Kakamega walikuwa wakishuka ngazi jioni baada ya masomo. Wakasongamana, wakaangukiana, na 14 wakapoteza maisha. Hapo hapakuwa na moto wala petroli. Palikuwa na watoto wengi ngazini, wote wakishuka kwa wakati mmoja.

Sheria inatuuliza nini

Wengi wetu tunadhani kwamba kesi ya mtoto aliyeumia ni ya kutafuta mtu mbaya. Tunajiambia: mimi sikumsukuma, sikuwasha moto, sikuwa hata shuleni siku hiyo. Katika kesi ya uzembe mahakama hutazama mambo manne. Je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalizi kwa mtoto huyu? Je, alishindwa kuutimiza? Je, kushindwa huko ndiko kulikoleta madhara? Na madhara yenyewe ni yapi? Nia njema haimo katika orodha hiyo. Bodi ya watu wacha Mungu, wapole na wenye kujitolea inaweza kukutwa na uzembe.

Swali la kwanza halina ubishi kwetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 59, inaitaja bodi moja kwa moja: ni kazi yetu kuhakikisha shule ina majengo na vifaa vya kutosha vilivyo sawa, na ni kazi yetu kuangalia ustawi na usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza kuzingatiwa katika kila jambo linalomhusu. Tulipokubali uteuzi tuliukubali pamoja na wajibu huo.

Swali la pili ndilo zito. Tunapimwa kwa kipimo gani? Hapa sheria yetu inarudi nyuma sana. Mwaka 1893, huko Uingereza, mahakama iliamua kesi ya Williams na Eady. Mwalimu aliyemiliki shule aliacha chupa ya fosforasi mahali ambapo wavulana waliweza kuifikia. Mmoja akaichukua, akaichezea kwa kiberiti, ikalipuka na kumuunguza mwenzake. Mwalimu alikutwa na dhima ingawa mkosaji wa karibu alikuwa mwanafunzi mtundu. Majaji walisema mwalimu anapaswa kuwaangalia wanafunzi kama baba mwangalifu anavyowaangalia watoto wake. Kenya ilirithi sheria ya mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa hiyo kipimo hicho kilikwishaingia kwetu, na hadi leo ndicho msingi wa hoja za mawakili: shule inashika nafasi ya mzazi.

Baba mwangalifu anajua kwamba watoto ni watundu. Anajua watapanda, watachungulia, watagusa. Ndiyo maana sheria yetu ya dhima ya mwenye kukalia majengo na ardhi, Sura ya 34, inaagiza waziwazi kwamba mwenye mahali ajiandae kwa ukweli kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kwa hiyo tusiende kortini na utetezi kwamba mtoto alionywa asikaribie shimo. Tutaulizwa kwa nini shimo lilikuwa wazi.

Kosa la mwalimu au kosa la mfumo

Nataka tukae kidogo kwenye kesi nyingine ya Uingereza, kwa sababu inatuhusu sisi wanabodi kuliko inavyowahusu walimu. Iliamuliwa mwaka 1955 na majaji wa Bunge la Mabwana, ambao wakati huo walikuwa mahakama ya mwisho kabisa nchini humo. Ilikuwa kati ya Baraza la Carmarthenshire na mjane aitwaye Lewis. Mwalimu wa chekechea alikuwa akijiandaa kuwapeleka matembezini watoto wawili wadogo. Akawaacha kwa muda mfupi, na alipokuwa njiani kurudi akakutana na mtoto mwingine aliyeanguka na kujeruhiwa, akakaa kumhudumia. Mmoja wa wale wawili, mtoto wa miaka minne, akatoka nje, akapita lango, akaingia barabarani. Dereva wa lori alijaribu kumkwepa, akagonga nguzo, akafa. Mjane wa dereva akashtaki.

Majaji walimtazama mwalimu, wakaona hakuwa na uzembe: alikuwa akimhudumia mtoto mwenye jeraha, na mzazi yeyote mwema angefanya vivyo hivyo. Kisha wakaliuliza baraza lililomiliki shule: iliwezekanaje mtoto wa miaka minne kufika barabarani peke yake? Baraza halikuwa na jibu la kuridhisha. Likalipa.

Wanabodi wenzangu, mara nyingi ajali ikitokea sisi hukimbilia kumwita mwalimu wa zamu, matroni au bawabu na kumtaka aandike maelezo. Tunamsimamisha kazi, tunawaambia wazazi kwamba hatua zimechukuliwa, tunapumua. Lakini mwalimu wa zamu ana macho mawili na watoto mia kadhaa. Lango, ukuta, idadi ya vitanda, idadi ya walinzi wa usiku, ratiba ya kuwatoa wanafunzi darasani kwa zamu ili wasisongamane kwenye ngazi: hayo yote ni maamuzi yanayopita mezani petu. Mwalimu akiwa amefanya yote aliyoweza, anayebaki kuulizwa ni sisi.

Na pale mfanyakazi anapokosea kweli, tusidhani mwajiri amesalimika. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi walionajisiwa na mwalimu wao. Mahakama iliwapa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5, na dhima haikuishia kwa mwalimu. Tume ya Huduma kwa Walimu, shule na Serikali nazo zilibebeshwa. Aliyewekwa katika nafasi ya mzazi na kupewa mamlaka juu ya mtoto, akiyatumia mamlaka hayo kumdhuru, waliompa mamlaka hawawezi kunawa mikono.

Hapo pia inaingia fimbo. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kimeifanya kuwa kosa la jinai, faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Bado kuna wanabodi, tena wazazi, wanaowaambia walimu kikaoni: hao watoto wachapeni, sisi tumewaruhusu. Mzazi hana uwezo wa kutoa ruhusa hiyo. Siku mtoto atakapovunjika mkono, kumbukumbu za kikao zikionyesha kwamba bodi ilishangilia, bodi itakuwa imejiandikia hukumu yake.

Sauti tunazozisikia kila muhula

"Hatuna pesa." Najua. Fedha za Serikali huchelewa, na tangu mwaka 2018, Serikali ilipoagiza kila mtahiniwa wa darasa la nane apate nafasi ya sekondari, shule nyingi zimepokea wanafunzi kuliko vitanda vilivyopo. Bodi zikaweka vitanda vya ghorofa mbili, kisha tatu, kisha zikageuza ukumbi wa kulia kuwa bweni. Ni kweli kwamba sheria hudai uangalifu wa kadiri, na hakimu hatatudai tujenge hoteli. Lakini angalieni orodha ya mambo yaliyowaua watoto wa Bombolulu na Kyanguli. Kufungua kufuli hakuna gharama. Kumwita fundi wa kuchomelea aondoe vyuma vya madirisha ni kazi ya siku chache. Kuhesabu wanafunzi kabla ya kulala kunahitaji daftari. Kufanya zoezi la kukimbia moto kunahitaji kengele na dakika kumi. Ikiwa hatukufanya hata yasiyo na gharama, tutasemaje kwamba tulizuiwa na umaskini? Na pale ambapo nafasi imekwisha kabisa, bodi ina wajibu wa kuandika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kusema: bweni letu linatosha watoto kadhaa, hatuwezi kuongeza hata mmoja. Barua hiyo ni ngumu kuiandika. Barua ya rambirambi ni ngumu zaidi.

"Vyuma vya madirisha vinazuia wezi, na kwa shule za wasichana vinazuia wavamizi." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu hofu yenyewe ni ya kweli. Jibu lake ni ua imara, taa za nje, mlinzi wa usiku anayelipwa kwa wakati ili asilale, na matroni anayelala jirani na bweni akiwa na simu yenye salio. Mwizi huchukua godoro. Tusimzuie kwa njia itakayomnyima mtoto nafasi ya kutoka.

"Wanafunzi wenyewe ndio huchoma." Mara nyingi ni kweli. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa nchini. Lakini ukweli huo unatuongezea mzigo. Jambo linalotokea kila mwaka, hasa muhula wa pili, ni jambo linaloweza kutabirika, na jambo linaloweza kutabirika ndilo ambalo baba mwangalifu hujiandaa nalo. Mwanafunzi aliyewasha moto atajibu kwa kosa lake. Sisi tutajibu kwa nini wenzake hawakuweza kutoka. Tutaulizwa pia kama tulisikia manung'uniko kuhusu chakula, mitihani au kiranja, tukayapuuza.

"Wazazi walitia saini fomu." Shule nyingi siku hizi humpa mzazi karatasi kabla ya safari au mashindano, inayosema shule haitawajibika kwa lolote. Fomu ya ruhusa ni nzuri kwa kuwa inamjulisha mzazi. Isitumike kama kinga ya uzembe. Mzazi alikubali mwanawe asafiri. Hakukubali asafirishwe katika basi lenye breki mbovu, likiendeshwa usiku na dereva aliyeamka alfajiri. Kabla ya kila safari, mwalimu msimamizi akague leseni ya dereva, cheti cha ukaguzi wa gari na bima, na ahakikishe kila mtoto ana kiti chake na mkanda. Safari za usiku tuzikatae, hata timu yetu ikiwa imeshinda na watoto wana hamu ya kurudi nyumbani.

Kumbukumbu za kikao

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Tuchukue mfano wa bodi iliyokaa mwezi Februari. Ajenda ya saba inasomeka: mlango wa pili wa bweni B umekwama. Mjadala unakuwa mfupi, kwa kuwa saa imekwenda na kuna suala la zabuni ya mahindi. Katibu anaandika: imeahirishwa hadi muhula ujao. Mwezi Juni ajenda inarudi, inaahirishwa tena. Mwezi Agosti kuna moto.

Wakili wa wazazi hatahitaji shahidi mwingine. Ataomba kumbukumbu zetu, na ukurasa wa Februari utathibitisha kwamba tulijua. Ukurasa wa Juni utathibitisha kwamba tuliendelea kujua. Sahihi ya mwenyekiti iko chini. Kwa maneno mengine, dhima yetu haikuzaliwa usiku wa moto. Ilizaliwa mchana, mezani, tukiwa na chai mkononi, tuliposema muhula ujao.

Kuna atakayejibu upesi: basi tusiandike. Ndugu, huko ndiko kujiangamiza, kwa sababu mbili. Kwanza, sheria haiishii kwenye yale tuliyoyajua. Inatuuliza pia yale tuliyopaswa kuyajua. Bodi isiyokagua bweni haiwezi kujitetea kwa kutojua. Pili, na hili ni kubwa zaidi, tunaandika ili tutende. Kumbukumbu zinazosema "mlango wa bweni B ulikaguliwa tarehe fulani, ulitengenezwa tarehe fulani na fundi fulani, ukajaribiwa na wanafunzi wenyewe" ni ushahidi wa uangalifu. Hakimu akiuona atajua tulikuwa wazazi macho, hata kama ajali ilitokea kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Kwa hiyo napendekeza kanuni moja iingie katika utaratibu wetu: jambo lolote linalogusa usalama wa mwanafunzi lisiahirishwe bila kuwekewa hatua ya muda. Ikiwa ngazi imepasuka na fedha za kuitengeneza hazipo, tuiandike na tuifunge siku hiyo hiyo, watoto wapite upande mwingine. Ikiwa shimo la choo cha zamani halijafunikwa kwa zege, lizungushiwe ua kabla kikao hakijavunjika. Ikiwa nguzo za goli hazijasimikwa vizuri ardhini, ziangushwe na mpira usichezwe hapo hadi zikamilike.

Mtoto akiumia

Hata tukifanya yote, watoto wataumia. Watateleza, watakatwa na kioo maabara, watamwagikiwa na uji jikoni. Jinsi tunavyotenda saa ya kwanza huamua mengi, kwa afya ya mtoto na kwa heshima ya shule.

Mtoto apelekwe hospitali kwanza, mazungumzo ya nani atalipa yafuate. Tangu mpango wa bima wa EduAfya ulipokoma mwishoni mwa 2023, nimesikia visa vya shule zinazosubiri mzazi atume pesa ndipo mtoto aondolewe bwenini. Hilo lisitokee katika shule yoyote iliyo chini yetu. Kila shule iweke akiba ndogo ya dharura, na ijue ni gari la nani litakaloitwa usiku.

Mzazi aambiwe mara moja, na aambiwe ukweli. Asisikie kwa majirani, wala asiambiwe "njoo shuleni tu" bila maelezo. Tukio liandikwe siku hiyo: saa, mahali, waliokuwapo, kilichoonekana. Mahali palipotokea ajali pasisafishwe wala kukarabatiwa haraka haraka ili kuficha, ila tu kuondoa hatari kwa watoto wengine. Ikiwa kuna kosa la jinai, polisi na maafisa wa watoto waitwe. Jambo la mtoto kudhulumiwa halimalizwi nyumbani kwa mbuzi na wazee wawili.

Na tusimwendee mzazi aliye na mtoto wodini tukiwa na karatasi ya kusaini na bahasha. Tumesaidiana kwa harambee miaka mingi, na ni jambo jema kuchangia gharama za matibabu. Lakini mchango wa majirani haufuti haki ya mtoto kupata fidia, na bodi isitumie ukarimu wa watu kumfunga mzazi mdomo. Familia nyingi hazitaki mali. Zinataka kuambiwa kilichotokea, kuombwa radhi, na kuhakikishiwa kwamba mtoto mwingine hatapatwa na hilo. Wengi wanaoenda mahakamani ni wale waliokwenda kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu wakarudishwa bila jibu.

Tutakayoyatenda kabla ya mwisho wa wiki ya tatu ya muhula

Naomba kila bodi itekeleze yafuatayo na kuniletea taarifa iliyotiwa saini na mwenyekiti na mwalimu mkuu.

1. Wajumbe wasiopungua watatu watembelee mabweni usiku, saa nne, wanafunzi wakiwa wamelala. Tumezoea kukagua mchana, vitanda vitupu na milango wazi. Hatari iko usiku. Angalieni kufuli iko wapi, ufunguo uko kwa nani, na matroni yuko wapi.

2. Pimeni kwa futi kamba: nafasi kati ya vitanda, njia ya kati, upana wa milango. Andikeni vipimo mlivyopata kando ya vile vya mwongozo wa 2008. Idadi ya wanafunzi inayozidi nafasi itajwe kwa tarakimu.

3. Vyuma vyote vya madirisha ya mabweni viondolewe, na milango yote igeuzwe ifunguke nje. Hili lisisubiri bajeti ya mwaka ujao.

4. Zoezi la kutoka wakati wa moto lifanyike mara moja kila muhula, na la kwanza lifanyike usiku. Pimeni muda. Muulizeni mtoto mdogo kuliko wote na mwenye ulemavu walitokaje. Mpango usiomtoa huyo bado haujakamilika.

5. Mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe tarehe zake, na walinzi, wapishi na viranja wafundishwe kuitumia. Mtungi uliofungiwa ofisini ni pambo.

6. Waya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye leseni. Majengo yenye nyufa, ngazi nyembamba, mashimo, matangi ya maji, kemikali za maabara na magari ya shule viingizwe katika daftari moja la hatari, kila hatari ikiwa na jina la anayehusika kuiondoa na tarehe.

7. Wanafunzi wapewe njia ya kusema. Wachague wawakilishi watakaokutana na bodi bila walimu kuwapo, angalau mara moja kila muhula. Wao ndio wanaojua ni mlango upi hukwama na ni mtu mzima yupi wanamwogopa.

8. Usalama uwe ajenda ya kwanza ya kila kikao, kabla ya fedha na zabuni, na mambo ya kikao kilichopita yasomwe moja baada ya jingine: limetendwa, au halijatendwa, na kwa nini.

Wapo watakaosema kwamba ninawatisha watu wema wasikubali tena kuingia katika bodi. Mimi naona kinyume. Mzazi anayejua hasa anachodaiwa hufanya kazi kwa utulivu kuliko anayeishi kwa kubahatisha. Sheria haitudai tuwe malaika wala mainjinia. Inatudai tuwatendee watoto wa wengine kama tunavyowatendea wetu, na hakuna kati yetu ambaye usiku huu angemlaza mwanawe katika chumba chenye kufuli kwa nje na ufunguo usiojulikana uko kwa nani.

Bodi itakayokwama katika lolote kati ya hayo manane, iniandikie mapema. Kamati ina wajumbe wanaojua ujenzi, sheria na uuguzi, nao wamejitolea kuja shuleni kwenu bila malipo. Bodi ambayo haitaleta taarifa kufikia mwisho wa wiki ya tatu, kamati itaitembelea yenyewe, usiku, na matokeo yatasomwa mbele ya wazazi katika mkutano mkuu wa mwaka.

Wenu katika utumishi wa watoto,

Mjumbe mwenzenu,
Kamati ya usalama